Likizo ndefu Gulu: ushauri kwa mwanafunzi wa Morogoro anayekwenda kujitolea

Panya buku anayelelewa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) hapelekwi kwenye uwanja wa mabomu mpaka afaulu mtihani. Shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji na kuhamia Morogoro mwaka 2000, humfundisha kwa miezi mingi kuitambua harufu ya baruti kati ya harufu zote za udongo. Akishindwa, anarudi mazoezini. Akifaulu, anasafirishwa. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Cambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu kwa mabomu aliyoyafichua katika ardhi ambayo vita vyake vilikwisha kabla hajazaliwa. Msumbiji, ambako panya wa Morogoro walifanya kazi kwa miaka, ilitangazwa kuwa imemaliza kusafisha mabomu ya ardhini Septemba 2015.

Mwanafunzi wa mji huohuo hana mtihani wa namna hiyo. Vyuo vikifunga kwa likizo ndefu, kijana wa SUA, wa Mzumbe au wa Chuo Kikuu cha Waislamu anaweza kukata tiketi ya basi, akavuka mpaka wa Mutukula, na siku chache baadaye akawa amesimama mbele ya watu waliotoka vitani akitaka kuwasaidia, huku hakuna aliyemuuliza anajua kufanya nini. Nia yake ni njema, na makala haya yanamtakia aende. Suala ni namna ya kwenda: aende akiwa ameitwa, kwa kazi anayoiweza, chini ya mwenyeji ambaye kazi hiyo ni yake.

Mji unaozungumzwa hapa ni Gulu, kaskazini mwa Uganda. Miji mingine ya jirani nayo imepita vitani, lakini Goma ilitekwa na M23 Januari 2025 na mtu hawezi kusema imetoka vitani. Juba nayo haijatulia. Gulu imepata utulivu tangu Agosti 2006, pale serikali ya Uganda na waasi wa Lord's Resistance Army wa Joseph Kony walipotiliana saini makubaliano ya kusitisha mapigano. Vita vilikuwa vimedumu karibu miaka 20. Vilipopamba moto kabisa, zaidi ya watu milioni moja na nusu wa kaskazini waliishi kambini, mashamba yao wakiyaona kwa mbali. Kila jioni maelfu ya watoto walitembea kutoka vijijini kuja kulala mjini, kwenye vibaraza vya maduka, kituo cha mabasi na ua wa hospitali ya Lacor, ili wasitekwe usiku. Asubuhi walirudi makwao.

Leo Gulu ina barabara za lami, mabenki na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2002, na tangu Julai 2020 ina hadhi ya jiji. Anayefika akitarajia kuona magofu atashangaa. Majeraha yapo, ila hayaonekani kutoka dirishani mwa basi.

Habari ya kupokea wageni wenye nia ya kusaidia, Morogoro inaijua kutoka upande wa mwenyeji, na mwanafunzi angefanya vyema kuanzia hapo kabla ya kufungua ramani ya Uganda. Apande Matombo, milimani Uluguru, akaulize habari za matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru ukimomonyoka, na katika hilo haikukosea. Ikaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi pana kwenye miteremko, kwa nguvu zao, bila malipo, na aliyekataa alitozwa faini. Matuta hayo yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakadorora. Mwaka 1955 watu wa Matombo waligoma, polisi wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha, na mpango mzima ukaachwa. Wataalamu wale walikuwa na elimu. Kilichokosekana ni kumuuliza mwenye shamba.

Nusu karne baadaye, wakulima wa Kibungo Juu, katika milima hiyohiyo, walichimba matuta na makinga maji kwa hiari yao. Safari hii mradi wa CARE na WWF ulikaa nao kwanza, na ukawalipa kwa kutunza vyanzo vya mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Mteremko ni uleule na jembe ni lilelile.

Mfano wa pili uko chini bondeni, Mazimbu. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilitoa shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, Anna Abdallah akiwa Mkuu wa Mkoa, ili chama cha ANC kijenge shule kwa vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maandamano ya Soweto ya 1976. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Walimu, mafundi na madaktari wa kujitolea walitoka Skandinavia, Uholanzi, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Hawakuja kuianzisha shule ile wala kuamua ifundishe nini. Walikuta ANC imepanga, imegawa kazi, na inajua pengo liko wapi: hapa mwalimu wa hisabati, pale fundi bomba. Julai 1992 kila kitu kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na sasa ni kampasi ya SUA inayobeba jina la Mahlangu. Majengo yale yangali yanatumika kwa sababu yalikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Hivyo basi, hatua ya kwanza ya safari ya Gulu ni barua, wala si begi. Mwanafunzi aandike kwa taasisi ya wenyeji iliyokuwepo kabla yake na itakayokuwepo baada yake. Wa kilimo na mifugo aandikie kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Gulu. SUA na chuo hicho vyote viko katika Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, na barua inayopitia kwa mkuu wa idara husomwa kwa uzito kuliko ujumbe wa simu. Wa sheria kutoka Mzumbe aangalie Justice and Reconciliation Project, iliyopo Gulu, au kituo cha kumbukumbu za vita kilichopo Kitgum chini ya Refugee Law Project ya Makerere. Wa udaktari na uuguzi wana Lacor. Kanisa Katoliki lina Caritas, na vijijini kuna vikundi vya wakulima na vya kuweka na kukopa vinavyofanana sana na VICOBA vyetu.

Barua hiyo isianze na maneno ya kuguswa na mateso ya Waacholi, wenyeji wa Gulu. Ieleze kwa sentensi tatu mwandishi anajua kufanya nini kwa mikono yake, yuko huru kuanzia tarehe ipi hadi ipi, na nani atamlipia chakula na malazi. Kisha iulize. Kazi hii mwezi uliopita aliifanya nani? Nikiondoka ataiendeleza nani? Yuko kijana wa hapo Gulu ambaye angeweza kuifanya kwa malipo? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, mwanafunzi muungwana hutafuta kazi nyingine. Katika mji ambao vijana wengi hawana ajira, mgeni anayefanya bure kazi ya kuchimba msingi au kufundisha chekechea anamnyang'anya mtu riziki, hata akipigiwa makofi.

Wapo pia mawakala wa mtandaoni wanaodai mamia ya dola kumtafutia mtu nafasi ya kujitolea, mara nyingi kwenye vituo vya watoto yatima. Mwanafunzi awaepuke kabisa. Mtoto anayebadilishiwa mlezi kila wiki nne huumia, na pale wageni wanapolipa ili kuwaona mayatima, huzuka watu wa kuwakusanya watoto ambao wazazi wao wako hai. Australia, ilipotunga sheria yake ya 2018 dhidi ya utumwa mamboleo, ilitambua hilo kuwa aina ya utumwa huo. Rwanda iliamua mwaka 2012 kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Kama kituo kinampokea mgeni wa miezi miwili akae na watoto bila kumuomba hata barua ya polisi au ya chuo, hiyo peke yake ni sababu ya kukikataa.

Ujuzi wenyewe si lazima uwe mkubwa. Waacholi walipoteza karibu ng'ombe wao wote mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa uporaji wa Wakaramojong na wa askari, na familia nyingi zilizorudi kutoka kambini zilianza upya na kuku. Mwanafunzi wa mifugo wa SUA anayeweza kuchanja kuku dhidi ya kideri kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, na anayeweza kumfundisha kijana wa kijiji akabaki akiendelea, ana kitu cha kutoa. Mwenye kujua kukausha mahindi vizuri na kuyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ana kitu cha kutoa. Wa uhasibu anayeweza kukaa na mweka hazina wa kikundi na kunyoosha daftari la fedha, bila kulishika yeye, naye anacho. Mtu aliyekulia kambini kwa chakula cha msaada, ambaye leo ni mkuu wa kaya, mara nyingi hakupata wa kumshika mkono shambani.

Kuna ujuzi mmoja wa kwenda nao kwa tahadhari kubwa: kupima ardhi. Watu walianza kurudi kutoka kambini miaka ya 2007 na kuendelea. Wakakuta miti ya mipaka imekatwa, njia zimefunikwa na msitu, na wazee waliojua shamba la nani linaishia wapi wamezikwa kambini. Migogoro ya ardhi ikawa moto uliofuata baada ya ule wa bunduki. Mwanafunzi wa misitu au wa mipango anayezunguka shamba na simu yenye GPS, hata kama anahesabu miti tu, anaweza kuonekana ametumwa na jirani au na mwekezaji. Asipime chochote mpaka mwenyekiti wa kijiji, anayeitwa huko LC1, na wazee wa ukoo wawe wamesimama naye wakimtambulisha.

Kuhusu karatasi, mambo ni mepesi. Mtanzania haombi viza ya Uganda, ila anahitaji pasipoti au hati ya dharura. Pasipoti ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 ada yake ilikuwa Sh150,000, na wanaosubiri wiki ya mwisho hupata shida. Anahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla, na ataulizwa tena anaporudi nyumbani. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni ya kuongeza kwa hiari, na ni busara kuipata kwa kuwa ugonjwa huo umeenea kaskazini mwa Uganda. Malaria huko ni kali, hivyo chandarua kiingie begini kabla ya nguo. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani asitegemee kuitumia Gulu. Atenge fedha za matibabu, na nauli ya kurudi aiweke mahali ambapo hataigusa hata aombwe vipi.

Njia ya kawaida ni basi kupitia Dodoma, Singida na Kahama hadi Mutukula, ambako nchi zote mbili hukagua katika kituo kimoja, kisha Masaka na Kampala. Kutoka Kampala kuna kilomita 330 hivi hadi Gulu, na mto Nile unavukwa Karuma. Ni safari ndefu ya kuchosha. Alale Kampala, apumzike, ndipo aendelee.

Mutukula yenyewe isipitwe bila kufikiriwa. Majeshi ya Idi Amin yalivuka hapo Oktoba 1978, na JWTZ likavuka hapohapo kwenda upande wa pili. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwezi Mei askari wa Tanzania walikuwa wamefika Gulu. Mzee wa Gulu aliyekuwa kijana mwaka ule anaweza kumsalimia Mtanzania kwa Kiswahili alichojifunza kwa wakombozi hao, na salamu hiyo ikafungua mlango. Lakini Kiswahili kilikuwa pia lugha ya jeshi la Amin, lililowaua askari wengi wa Kiacholi na Kilango kuanzia mwaka 1971, na kikaendelea kusikika kwenye vizuizi vya barabarani katika vita vilivyofuata. Kuna mama atakayetabasamu akikisikia, na yuko mwingine atakayenyamaza. Kwa hiyo mwanafunzi asikitangulize. Ajifunze salamu za Kiacholi kabla hajafika: "itye nining?" ni kumjulia mtu hali, "atye maber" ni kujibu kwamba uko salama, na "apwoyo matek" ni asante sana. Mwenyeji mwenyewe akihamia Kiswahili, hapo ni ruhusa.

Vivyo hivyo kwa maswali ya kawaida ya kwetu. Mtanzania akikutana na mtu hupenda kujua kwao wapi na baba yake nani, na hufanya hivyo kwa upendo. Gulu swali hilo linaweza kuchoma. Watoto wanaokadiriwa kuzidi 20,000 walitekwa wakati wa vita, na wasichana wengi walirudi na watoto waliozaliwa porini. Mwanafunzi aliyekulia Uluguru anajua kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi hufuata huko. Kwa Waacholi jina na ardhi hufuata baba. Kijana ambaye baba yake alikuwa mwasi asiyejulikana kwao anaweza kukosa mahali pa kujenga, pa kuoa na hata pa kuzikwa. Kumuuliza ukoo wake katika kikao cha kwanza ni kumgusa penye kidonda. Asubiri aambiwe, na asipoambiwa, anyamaze.

Hili la kunyamaza lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Watu wa Gulu wamehojiwa na watafiti, waandishi, mashirika na mahakama kwa miaka mingi. Aliyewahi kusimulia namna alivyotekwa amesimulia mara nyingi, na kila mara mgeni aliondoka na daftari lake. Mwanafunzi aliyekuja kuchanja kuku hana haki ya hadithi hiyo. Akisimuliwa kwa hiari ya mtu, asikilize hadi mwisho, asitoe mfano wa masaibu yake, asiahidi kutafuta msaada asiokuwa nao, na asiirudie kwa mwingine. Asitake pia kujua nani alikuwa mkosaji na nani mkosewa. Sheria ya msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 iliwapokea maelfu ya waasi waliorudi, na wengi wao walitekwa wakiwa watoto kabla ya kushika bunduki. Dominic Ongwen alichukuliwa akiwa mtoto wa shule, akapanda hadi kuwa kamanda, na mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji walilipima jambo hilo kwa miaka. Mgeni wa likizo hawezi kulikata juu ya sahani ya chakula.

Picha nazo. Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa filamu fupi iitwayo Kony 2012, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku chache. Ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, jirani na Gulu, watu waliopitia vita hivyo walikasirika na kurusha mawe. Waliona mateso yao yametengenezwa yapendeze macho ya vijana wa mbali, na vita vilivyokwisha kwao miaka sita nyuma vikisimuliwa kama vinaendelea. Simu ya mwanafunzi inaweza kufanya kosa hilohilo kwa kiwango cha kundi la WhatsApp. Apige picha za kazi, za chakula, za rafiki aliyeomba kupigwa naye. Mtoto asiwekwe mtandaoni kabisa, na mtu yeyote asiwekwe pamoja na maelezo ya yaliyompata.

Kwa yaliyobaki, Gulu ni mji wa kuishi. Mgeni atakula malakwang, mboga chachu iliyopikwa kwa odii, rojo la ufuta na karanga, pamoja na ugali wa ulezi. Agosti mvua zinanyesha na msimu wa pili wa kilimo unaendelea, kwa hiyo viatu vya matope vitamfaa kuliko raba nyeupe. Jumapili ataalikwa kanisani. Aende, hata kama si wa dini hiyo, ikiwa dhamiri yake inamruhusu, kwa kuwa huko ndiko watu humjua mtu.

Usiku ndio mgumu kidogo. Kukaa karibu na huzuni ya watu wengine huchosha hata pasipo kuhojiana nao. Wapo wanaopoteza usingizi, na wapo wanaoanza kuona aibu ya kula vizuri. Kabla ya kuondoka, mwanafunzi apatane na mtu mmoja mzima wa nyumbani, mshauri wa wanafunzi chuoni au shangazi mwenye kifua, ampigie simu kila wiki kwa siku maalumu. Akiona hali inamzidi, arudi. Kurudi wiki ya tatu akiwa mzima ni bora kuliko kuwa mzigo kwa wenyeji wiki ya saba.

Na asije akadhani kwamba anakwenda kutoa tu. Gulu ilishaonyesha maana ya utumishi muda mrefu kabla yake. Ebola ilipoingia mwaka 2000, watu 425 waliugua nchini Uganda na 224 wakafa. Dk Matthew Lukwiya, Mwacholi aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya Lacor, alibaki wodini akiwaongoza wauguzi wake hadi ugonjwa ukamchukua yeye mwenyewe tarehe 5 Desemba 2000. Mwanafunzi wa tiba atajifunza kwa waliofanya kazi naye mambo ambayo darasa haliwezi kumpa.

Kuna jingine la kubeba kurudi nyumbani, nalo linauhusu mkoa wa Morogoro moja kwa moja. Katika miaka ya 1960 Dk Louise Jilek-Aall, daktari Mnorwe aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge, wilayani Ulanga, aliandika habari za watoto ambao vichwa vyao huinama ghafla, mara kwa mara, kama wanaosinzia, kisha hudumaa na kupata kifafa. Ugonjwa huohuo uliibuka kwa maelfu ya watoto wa Kitgum na Pader, jirani na Gulu, katika miaka ya vita na kambi. Utafiti umeuhusisha na minyoo ya usubi, inayoenezwa na nzi weusi wa mito iendayo kasi. Tangu 2012 Uganda imekuwa ikigawa dawa ya ivermectin mara mbili kwa mwaka na kuua viluwiluwi vya nzi hao mitoni, na wagonjwa wapya wakapungua mno. Mwanafunzi anayetoka Ulanga akikaa miezi miwili na wahudumu wa afya wa Kitgum, akaona wanavyowafikia watu nyumba kwa nyumba, akarudi na maelezo hayo hadi zahanati ya kwao, atakuwa amefanya jambo ambalo wageni wengi hawajalifanya.

Akirudi, adaiwe vitu viwili. Kwanza taarifa fupi kwa mwenyeji wake, si kwa chuo pekee: alifanya nini, kipi hakikukamilika, daftari liko kwa nani. Pili, amtambulishe mwenzake wa mwaka unaofuata kwa kazi ileile na kwa taasisi ileile, ili Gulu isianze kila Agosti kumfundisha mgeni mpya mahali kilipo kisima.

Asiyeweza kwenda, kwa fedha au kwa ruhusa ya wazazi, asijione amekosa. Wakimbizi wa vita vya Kongo wapo Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu 1996, na utaratibu wa kuomba ni uleule: taasisi iliyopo, kazi inayojulikana, barua iliyojibiwa.

Kwa anayekusudia Gulu, muda wa kuandika ni sasa. Mwenyeji anahitaji wiki kadhaa kujibu, idara inahitaji kikao, Uhamiaji inahitaji siku zake, na chanjo ina siku zake 10. Barua ya kuondoka Agosti iwe imetumwa kabla ya mwisho wa Februari, na ikifika Mei haijapata jibu, mwanafunzi asifunge safari mwaka huo.